Kutoka Mtegoni Hadi Jaridani: Mwongozo Kamili wa Kueleza Spishi Mpya ya Trikoptera wa Amerika Kusini

Miswada inayotangaza spishi mpya za trikoptera hurudishwa na wahariri mwaka nenda mwaka rudi kwa sababu ileile. Mwandishi amemweleza mdudu wake kuanzia papasi hadi ncha ya bawa, akapima kila kilichopimika, lakini hakuonyesha popote kwa nini mdudu huyo si yule ambaye tayari ana jina. Spishi mpya huthibitishwa kwa kulinganisha. Maelezo peke yake, hata yakijaza kurasa tano, hayathibitishi upya wa kitu chochote.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi au mtafiti anayejua misingi ya elimu ya wadudu na anayefanya kazi na vielelezo vya Amerika Kusini, ama akiwa hukohuko ama kwa ushirikiano na taasisi ya huko. Trikoptera ni wadudu wanaofanana na nondo wadogo, ila mabawa yao kwa kawaida yamefunikwa na nywele badala ya magamba. Mabuu yao huishi majini: wengine hujijengea vyumba vya mchanga au vipande vya majani, na wengine hufuma nyavu za hariri chini ya mawe.

Mfano nitakaoutumia ni jenasi ya Chimarra, ya familia ya Philopotamidae. Ina spishi nyingi Amerika Kusini, ukubwa wake unashikika, na viungo vya uzazi vya dume wake vina sehemu zinazotajika moja baada ya nyingine. Jenasi hiyohiyo ipo pia katika mito ya Afrika, kwa hiyo msomaji wa Tanzania, Kenya au Kongo anaweza kuzoeza mikono yake kwa vielelezo vya kwao kabla hajakabidhiwa vielelezo adimu vya taasisi nyingine. Kwa kazi ya kwanza, ziepuke jenasi za familia ya Hydroptilidae. Wadudu hao wana urefu wa milimita chache sana na huhitaji kupachikwa kwenye slaidi kwa ustadi usiopatikana kwa siku chache.

## Vifaa vinavyohitajika

Vya mtoni

- Taa ya miale ya urujuanimno (bomba la wati 8 linatosha) na betri ya volti 12.
- Trei nyeupe, pana na yenye kina kifupi, ya kuwekwa chini ya taa.
- Ethanoli ya asilimia 80 kwa vielelezo vya kawaida, na ya asilimia 96 kwa vile vitakavyotolewa DNA.
- Shuka jeupe, wavu wa kufagilia majani, na vichupa vyenye vifuniko visivyovuja.
- Kifaa cha GPS, karatasi nzito ya lebo, na penseli. Kalamu ya kawaida ya wino haifai, kwa sababu wino wake huyeyuka ndani ya ethanoli na kukuachia karatasi tupu.

Vya maabara

- Hadubini ya kupasulia, pamoja na hadubini ya ukuzaji mkubwa yenye kifaa cha kuchorea.
- Vibano viwili vyenye ncha kali kama sindano, na mkasi mdogo wa upasuaji.
- Asidi ya laktiki ya asilimia 85, au hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10.
- Gliserini, slaidi zenye kishimo, na vichupa vidogo vya kuhifadhia viungo vya uzazi.
- Programu ya kuchora kwa mistari. Inkscape hupatikana bure na inatosha kabisa.

Vya kusoma

Unahitaji katalogi ya trikoptera wa Neotropiki (kanda ya Amerika Kusini na ya Kati) iliyotolewa na Holzenthal na Calor mwaka 2017 katika jarida la ZooKeys, ambayo iliorodhesha spishi hai 3,262. Kwa spishi zilizotangazwa baada ya hapo, tumia orodha ya dunia iitwayo Trichoptera World Checklist. Machapisho mengi ya zamani yamo katika Biodiversity Heritage Library na husomwa bila malipo. Mwisho, soma toleo la nne la Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Litaitwa Kanuni katika mwongozo huu wote.

## Hatua ya 1: Pata vibali kabla ya kutega

Kibali hutangulia mtego, na hakuna namna ya kukirudisha nyuma tarehe. Nchini Brazili, maombi ya kukusanya wanyama hupitia mfumo wa SISBIO ulio chini ya ICMBio, taasisi ya uhifadhi wa bayoanuwai. Utafiti unaogusa urithi wa kijenetiki wa nchi hiyo husajiliwa katika mfumo wa kitaifa uitwao SisGen, kwa mujibu wa Sheria 13.123 ya mwaka 2015, na usajili huo unapaswa kukamilika kabla ya kuchapisha matokeo. Mtafiti wa kigeni lazima awe na taasisi mwenyeji ya Brazili. Nchini Peru, mamlaka inayohusika ni SERFOR, na ukiingia hifadhini utahitaji pia kibali cha SERNANP.

Andika namba ya kila kibali kwenye daftari la mtoni siku unapokipokea, kwa kuwa majarida mengi huzidai katika sehemu ya shukrani au ya mbinu. Kielelezo kilichochukuliwa bila kibali kinaweza kuwa cha spishi mpya kwelikweli na bado kikakosa pa kuchapishwa.

## Hatua ya 2: Kusanya madume wengi, na uwaandikie lebo papo hapo

Weka trei ukingoni mwa kijito, mimina ethanoli ya kina cha sentimita moja au mbili, kisha laza taa juu yake. Iwashe dakika chache kabla ya giza kuingia na uiache kwa muda wa saa mbili hivi. Trikoptera wengi huruka zaidi katika kipindi hicho cha mwanzo wa usiku. Usiku wenye joto, usio na upepo wala mbalamwezi, ndio wenye mavuno mazuri. Vijito vyembamba vya milimani, kama vile vya Serra do Mar huko Brazili au vya miteremko ya mashariki ya Andes, hustahili kutegwa kimoja kimoja, kwa sababu umbali mfupi kati ya vijito viwili unaweza kubadilisha spishi utakazozipata.

Unatafuta madume. Katika jenasi nyingi za trikoptera, majike hawatenganishiki kwa umbo la nje, na spishi iliyotangazwa kwa jike peke yake huwa mzigo kwa watafiti wote wanaofuata. Kanuni haikuzuii kutumia dume mmoja tu, lakini dume mmoja hawezi kukuonyesha ni sifa zipi hubadilika ndani ya spishi na zipi hazibadiliki. Afadhali uwe na watano au zaidi, na afadhali zaidi ikiwa wametoka vijito tofauti.

Lebo iwekwe ndani ya chupa mtoni hapohapo. Iwe na nchi, jimbo, wilaya au manispaa, jina la kijito, majira ya GPS, mwinuko kwa mita, tarehe, mbinu ya kukusanyia na majina ya wakusanyaji. Mwezi uandikwe kwa tarakimu za Kirumi, kwa mfano 14.x.2023, ili msomaji asichanganye siku na mwezi. Usichanganye mavuno ya vijito viwili katika chupa moja hata kama chupa zimepungua.

Tahadhari: Jenasi zenye rangi za kupendeza, hasa Nectopsyche wa familia ya Leptoceridae, hupoteza nywele na magamba ya rangi ndani ya ethanoli, na rangi hizo ni sehemu ya utambuzi wao. Tenga baadhi yao wakiwa wakavu na uwadunge pini usiku uleule.

## Hatua ya 3: Fika kwenye jenasi bila kubahatisha

Chini ya hadubini ya kupasulia, angalia mambo manne kwa mpangilio huu: kama kuna macho madogo matatu juu ya kichwa, umbo la pingili ya mwisho ya palpi (viungo vidogo vya kuhisia vya mdomoni), idadi ya miiba mirefu ya miguuni, na matawi ya mishipa ya mabawa.

Chimarra ana macho madogo matatu, na pingili ya tano ya palpi yake ni ndefu, inayonyumbulika na yenye mikunjomikunjo. Miiba ya miguu yake huandikwa 1-4-4, yaani mmoja mguu wa mbele, minne mguu wa kati na minne mguu wa nyuma. Ndugu yake Wormaldia, anayeweza kunaswa katika mtego huohuo, ana 2-4-4. Mwiba mmoja wa mguu wa mbele ndio unaowatenganisha haraka, nao hukatika kwa urahisi, kwa hiyo tazama miguu yote miwili kabla ya kuamua.

Ukishafika kwenye jenasi, tafuta jenasi ndogo, yaani kundi la spishi lililo ndani ya jenasi. Chimarra wa Neotropiki wamegawanywa katika nne: Chimarra, Chimarrita, Curgia na Otarrha. Mgawanyo huu unakupunguzia kazi ya hatua ya 5 kwa kiasi kikubwa, kwa sababu utalinganisha mdudu wako na ndugu zake wa karibu badala ya jenasi nzima.

## Hatua ya 4: Safisha viungo vya uzazi

Hapa ndipo vielelezo vingi huharibika. Kama unataka DNA, ng'oa kwanza mguu mmoja au miwili ya upande wa kulia na uihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 96. Hidroksidi ya potasiamu huharibu DNA, na ukishaitumia hutaweza kurudi nyuma. Chagua upande mmoja na uushike kwa vielelezo vyote, ili upande wa pili ubaki kamili kwa vipimo.

1. Kata fumbatio kwa mkasi mdogo, ukiacha pingili ya kwanza imeshikamana na kidari.

2. Liweke fumbatio ndani ya asidi ya laktiki ya asilimia 85, kisha upashe joto hadi nyuzi 125 hivi za Selsiasi kwa takriban dakika 20. Fanya kazi hii kwenye chumba chenye hewa ya kutosha. Ukitumia hidroksidi ya potasiamu, unaweza kuliacha usiku kucha bila moto, au kulipasha taratibu huku ukilikagua kila baada ya dakika chache.

3. Lisuuze kwa maji safi, ukiyasukuma kwa sindano nyembamba ili misuli iliyolainika itoke.

4. Lihamishie kwenye gliserini.

Mimi hupendelea asidi ya laktiki kwa anayeanza. Hidroksidi ya potasiamu haina subira: dakika kumi za kusahau zinatosha kuyeyusha utando laini wa ndani na kuacha viungo vikiwa vyeupe kama kioo, bila ukingo wa kuchora. Asidi ya laktiki ni ya polepole na husamehe. Zote mbili huunguza, kwa hiyo vaa glavu na miwani ya kinga.

Dalili ya kufaulu: Ukilitazama fumbatio kwa mwanga unaopita chini yake, unaona kuta ngumu za pingili ya tisa zikiwa na rangi ya kahawia hafifu, misuli imetoweka, na ndani yake fali (kiungo cha dume cha kupitishia mbegu) inaonekana yote pamoja na miiba yake. Ikiwa bado kuna wingu la kahawia katikati, rudisha fumbatio kwenye asidi. Usichore kitu usichokiona.

## Hatua ya 5: Linganisha hadi ubakiwe na wachache

Tenga muda mwingi zaidi kwa hatua hii kuliko zote, maana mswada husimama au kuanguka hapa.

### Tengeneza jedwali

Safu za kwenda chini ziwe spishi zote za jenasi ndogo husika zinazojulikana Amerika Kusini. Safu za kukingama ziwe sifa. Kwa Chimarra, anza na hizi: umbo na urefu wa mchomozo wa chini wa pingili ya tisa, umbo la viambatisho vya chini (jozi ya viungo vya dume vya kushikia jike) vikitazamwa kwa upande, kisha kwa nyuma, mapande ya pembeni ya pingili ya kumi na vihisio vyake, na idadi, urefu na mahali pa miiba iliyo ndani ya fali. Jaza kila kisanduku kutoka kwenye michoro ya chapisho la kwanza la spishi, si kutoka kwenye muhtasari wa mtu mwingine. Kisha ufute mmoja baada ya mwingine wale wasiolingana na kielelezo chako.

Mara nyingi utabakiwa na spishi mbili au tatu. Hizo ndizo utakazobishana nazo katika mswada mzima.

### Usiamini mipaka ya nchi

Kosa la kawaida ni kumlinganisha mdudu wa Brazili na spishi za Brazili pekee. Bonde la mto Paraná na tawimto lake kubwa Paraguay linagusa Brazili, Bolivia, Paraguay na Argentina. Milima ya Andes inaanzia Venezuela hadi ncha ya kusini ya bara. Spishi iliyotangazwa kutoka Misiones, Argentina, inaweza kabisa kuwa ndiyo iliyo kwenye trei yako huko Paraná, Brazili.

### Tazama holotaipu zenyewe

Baadhi ya spishi za zamani zilielezwa kwa aya fupi na mchoro mmoja wa pembe moja. Mchoro kama huo haukupi haki ya kusema kuwa mdudu wako ni tofauti; unachoweza kusema ni kuwa mchoro ni tofauti. Omba picha au mkopo wa holotaipu, yaani kielelezo kile kimoja ambacho jina la spishi limefungwa kwacho. Makusanyo makubwa ya trikoptera wa bara hili yamo Smithsonian mjini Washington na Chuo Kikuu cha Minnesota mjini St. Paul, na kwa upande wa Amerika Kusini yamo, miongoni mwa kwingine, kwenye Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha São Paulo, taasisi ya INPA mjini Manaus, na makumbusho ya Chuo Kikuu cha San Marcos mjini Lima. Msimamizi wa makusanyo hujibu haraka zaidi akiombwa pembe mahususi ("upande wa kushoto, viambatisho vya chini vikiwa vimepishana kabisa") kuliko akiombwa "picha nzuri".

### Pembe hudanganya

Kiambatisho kilichoinama kidogo huonekana kifupi, na ncha iliyopinda ikigeuka huonekana butu. Kabla ya kulinganisha kwa upande, geuza fumbatio ndani ya gliserini mpaka kiambatisho cha kushoto kifunike cha kulia sawasawa. Kama hakitulii, tumia tone la jeli ya kutakasa mikono badala ya gliserini. Jeli nzito humshikilia mdudu pembe unayoitaka bila kumbana. Spishi kadhaa zinazodaiwa kuwa mpya hutoweka pale kielelezo kinapogeuzwa nyuzi kumi tu.

### DNA ni shahidi, si hakimu

Kipande cha jeni ya COI, ambayo hutumika kama alama ya kutambulisha spishi za wanyama, chenye urefu wa jozi besi 658 hutumika sana, na faida yake kubwa kwa trikoptera ni kuunganisha dume na jike na buu wa spishi moja, jambo ambalo umbo pekee haliwezi. Lakini hakuna asilimia moja ya tofauti inayotenganisha spishi zote za trikoptera. Ikiwa DNA inatofautiana lakini umbo halitofautiani, rudi kwenye hadubini kabla hujaandika chochote.

Dalili ya kufaulu: Unaweza kutaja angalau sifa mbili zisizotegemeana, zinazoonekana kwa kila dume uliye naye, na zisizoonekana kwa ndugu yake wa karibu. Sifa moja tu, hasa ikiwa ni ya urefu au ya rangi, ni msingi dhaifu. Ukishindwa kuzitaja, hifadhi vielelezo na usubiri vingine. Kazi haijapotea, kwa kuwa rekodi mpya ya spishi inayojulikana katika eneo ambako haikuwahi kuonekana nayo huchapishwa.

## Hatua ya 6: Chora

Picha hazitoshi. Hadubini huonyesha kina kimoja kwa wakati, ilhali mchoro mmoja wa mistari unaweza kubeba kina chote cha kiungo na kuacha vivuli visivyo na maana. Kwa dume wa Chimarra, chora viungo vya uzazi kwa upande, kwa juu na kwa chini, kisha fali peke yake kwa upande na kwa chini.

Chora kwanza kwa penseli kupitia kifaa cha kuchorea, ukihakikisha kila mstari kwa kupandisha na kushusha lenzi. Skani mchoro, kisha uufuate kwa programu. Mistari mizito iwe ya kingo ngumu, myembamba iwe ya utando, na ya vipande iwe ya sehemu zilizofichwa nyuma ya nyingine. Mchoro wote utoke kwa kielelezo kimoja, ikiwezekana holotaipu, na maelezo ya mchoro yaseme hivyo. Weka kipimo kando ya kila kundi la michoro.

Usisawazishe pande mbili za mdudu kwa kunakili nusu moja na kuigeuza bila kusema. Wachoraji wengi hufanya hivyo kuokoa muda, na inakubalika ikiwa umelitaja katika sehemu ya mbinu na ikiwa pande hizo kweli zinafanana. Fali, hata hivyo, mara nyingi haina ulinganifu, na miiba yake hukaa upande mmoja zaidi ya mwingine. Hiyo uichore kama ilivyo.

## Hatua ya 7: Andika upambanuzi kabla ya maelezo

Kwa spishi zinazotangazwa siku hizi, Kanuni inadai maneno yanayotaja sifa za kutofautisha spishi, tangazo la wazi kwamba jina ni jipya, na holotaipu iliyobainishwa pamoja na jina la makusanyo inakohifadhiwa. Upambanuzi, yaani aya inayoonyesha spishi inatofautianaje na ndugu zake, ndio moyo wa sharti la kwanza, na ndio unaoandikwa vibaya kuliko sehemu zote.

Upambanuzi dhaifu husomeka hivi:

> Spishi hii inatambulika kwa viambatisho vya chini virefu na fali yenye miiba.

Sentensi hiyo inawafaa Chimarra wengi waliopo. Linganisha na hii, ambayo nimeiandika kwa ajili ya mfano tu:

> Spishi mpya inafanana na spishi A kwa mchomozo wa chini wa pingili ya tisa ulio mfupi na wa pembetatu, lakini inatofautiana nayo kwa mambo mawili. Kwanza, kiambatisho cha chini kikitazamwa kwa upande kina ncha iliyopinda kuelekea juu, na urefu wake ni takriban mara mbili ya upana wa kitako chake, ilhali katika spishi A ncha ni butu na urefu unakaribia kulingana na upana. Pili, miiba miwili ya fali haina urefu sawa, wa kushoto ukifika nusu ya wa kulia, ilhali katika spishi A yote miwili ni sawa.

Mtindo wa pili unataja ndugu wa karibu, kufanana kwanza, tofauti baadaye, na pembe ya kutazamia. Mhakiki anaweza kufungua hadubini yake na kuthibitisha kila neno.

Maelezo kamili yaje baada ya hapo. Anza na urefu wa bawa la mbele kwa madume wote, ukitaja wa chini, wa juu na idadi yao. Endelea na rangi, ukisema kama ni ya mdudu mkavu au aliye kwenye ethanoli, kisha pingili ya tisa, ya kumi, viambatisho na fali. Istilahi uzichukue kwa mtaalamu mmoja aliyeandika kuhusu jenasi hiyo na umtaje. Kuchanganya istilahi za watu watatu humfanya msomaji adhani unaeleza viungo vitatu pale palipo na kimoja.

## Hatua ya 8: Chagua holotaipu na ugawe hifadhi ya vielelezo vingine

Holotaipu ni kielelezo kimoja tu, dume mzima mwenye papasi, mabawa na miguu, ambaye viungo vyake vya uzazi vimesafishwa vizuri. Fumbatio lake likae ndani ya kichupa kidogo chenye gliserini, na kichupa hicho kikae ndani ya chupa ileile ya mwili. Lebo nyekundu ndiyo desturi. Vielelezo vingine vya mfululizo huo vinaitwa parataipu.

Holotaipu ya mdudu wa Brazili ihifadhiwe Brazili, ya Peru ihifadhiwe Peru. Vibali hudai hivyo, na ni haki. Parataipu, kwa upande wake, zigawe kwa makumbusho mawili au matatu katika miji tofauti. Tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa mjini Rio de Janeiro pamoja na sehemu kubwa ya makusanyo yake ya wadudu. Kwa spishi ambazo parataipu zake zilikuwa kwingine, bado kuna kitu cha kutazama.

Peleka vielelezo na upate namba za makumbusho kabla ya kutuma mswada wa mwisho. Maneno "vitahifadhiwa baadaye" ni mlango wa kusahau.

## Hatua ya 9: Chagua jina

Neno Chimarra huchukuliwa kuwa la kike, kama inavyoonekana kwa Chimarra marginata wa Ulaya, kwa hiyo kivumishi cha Kilatini kifuate jinsia hiyo: -a badala ya -us au -um. Jina la mahali linaloishia -ensis hubaki hivyohivyo kwa jinsia ya kike na ya kiume. Ukimheshimu mtu, tumia -i kwa mwanamume mmoja na -ae kwa mwanamke mmoja. Neno la lugha ya wenyeji, kwa mfano la Kitupi au la Kikechua, linaruhusiwa likitumiwa kama nomino, na katika hali hiyo halibadiliki. Liandikwe bila alama za juu ya herufi, na asili yake ielezwe. Ni busara kuwauliza wenye lugha kabla ya kulitumia.

Kagua kama jina limekwisha kutumika ndani ya jenasi popote duniani. Mtu akiita Chimarra wake wa Andes obscura, jina hilo halitasimama, kwa kuwa Chimarra obscura wa Amerika Kaskazini alitangulia tangu 1852. Ukaguzi huu kwenye orodha ya dunia ni wa dakika tano. Usijipe jina lako mwenyewe. Kanuni haikatazi, ila watu watacheka.

Tahadhari: Jina lisitokee kwenye bango la mkutano wala mtandao wa kijamii kabla ya chapisho. Katika tasnifu pia tumia alama kama "Chimarra sp. 1".

## Hatua ya 10: Chapisha

Majarida yanayopokea kazi za aina hii ni pamoja na Zootaxa, ZooKeys, European Journal of Taxonomy na Revista Brasileira de Entomologia. Linganisha ada zao na masharti yao ya picha kabla ya kupanga michoro, kwa sababu kuipanga upya huchosha. Hata kama mswada ni wa Kiingereza, weka muhtasari wa Kireno au Kihispania; wasomaji wa kwanza wa spishi hiyo ni watu wanaoishi karibu na kijito chake.

Tangu marekebisho ya Kanuni ya mwaka 2012, chapisho linalotolewa kwa njia ya kielektroniki pekee lazima liwe limesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na ushahidi wa usajili huo uwemo ndani ya chapisho lenyewe. Wahariri wengi hukufanyia, lakini hakikisha mwenyewe kwenye nakala ya mwisho kwamba namba ya usajili ipo.

Wahakiki karibu wote watauliza swali moja: umeilinganisha na spishi fulani? Kama jedwali la hatua ya 5 ulilitunza, jibu lako litakuwa aya moja yenye sifa na namba za holotaipu ulizozitazama. Kama mhakiki ametaja spishi ambayo haikuwemo kwenye jedwali, iongeze na uangalie upya, hata ikikuchelewesha msimu mzima wa mikopo ya makumbusho.

Chapisho likitoka, peleka nakala kwa taasisi zenye parataipu na kwa mamlaka iliyokupa kibali, pamoja na ripoti wanayoidai. Mfuatano wa COI, ikiwa unao, uwe umeshawekwa kwenye hifadhidata za DNA za GenBank au BOLD na namba yake iwe kwenye chapisho. Kisha rudi kwenye chupa za mtego uleule: majike na mabuu wa spishi hiyo bado hawajaelezwa.